Ardhi Iliyopona Bila Kibali

Ambrosi Likwata aliajiriwa kumwaga oili, na kazi hiyo aliifanya vizuri. Asije mtu akasema hapa kwamba alikuwa mzembe. Alishuka kutoka Nyangamara akiwa kijana, akapata kazi kwenye yadi ya shirika moja la umma lililokuwa likijenga barabara, pale Mitwero, ukingoni mwa mji wa Lindi. Magreda na makatapila yakirudi kutoka porini yalifanyiwa sevisi, oili iliyochoka ikafunguliwa, na Ambrosi akaibeba kwa debe kwenda kuimwaga nyuma ya banda la mafundi. Hakujipangia mwenyewe pa kumwaga. Alionyeshwa na bosi wake kwa kidole.

Kiangazi kikikaza, vumbi la yadi liliingia mpaka kwenye chai ya meneja. Hapo Ambrosi alitoboa debe kwa msumari, akalijaza oili chafu, akapita nalo yadi nzima akinyunyiza. Vumbi likatulia, ardhi ikang'aa, na wageni wa makao makuu wakashuka kwenye gari viatu vikiwa visafi. Mei Mosi ya mwaka mmoja akaitwa mbele, akapewa blanketi la mfanyakazi bora upande wa usafi wa mazingira. Ndiyo, usafi wa mazingira, hivyo ndivyo ilivyosomwa kwenye kipaza sauti, na watu wakapiga makofi.

Kisha ikaja miaka ya soko huria, mashirika yakawekwa mnadani kama mitumba. Mafundi wakamwaga unga mmoja baada ya mwingine, mitambo ikaenda isikojulikana, meneja akahamia Dar es Salaam na chai yake. Ambrosi akaambiwa abaki kama mlinzi mpaka mnunuzi apatikane. Mnunuzi hakupatikana. Mshahara wa ulinzi ulikuja kwa muda, ukaanza kuchelewa, mwisho ukapotea njia kabisa, na mafao yake yakawa ni habari za njoo wiki ijayo. Hakuna aliyemwambia aondoke, wala hakuna aliyemwambia akae. Akakaa. Alihamia kwenye stoo ya nyuma ya banda pamoja na mkewe Natalia na binti yao Happiness, akaongeza chumba cha matofali, akaezeka bati upya, pakawa kwake.

Natalia naye hakuwa mwanamke wa kukaa akishika tama. Msimu wa korosho ukifika alikusanya mabibo, akayakamua, akachachusha uraka, pombe ya mabibo, na wateja walijua njia wenyewe. Shida ilikuwa makapi. Makapi ya mabibo yakilala kidogo tu yananuka pombe, na majirani zao wa nyumba ya pili, Rashidi na mkewe Bi Tawakali, walikuwa Waislamu wa swala tano. Waliishi nao vizuri sana. Ramadhani bakuli la futari lilivuka uzio kwenda kwa Natalia, Krismasi mikate ya kumimina ilivuka kurudi. Lakini kumpelekea harufu ya pombe mtu anayetoka kutawadha, hapana, huko ni kukosa adabu, na Natalia alilelewa. Mahali pa kutupa pasipomkera mtu palikuwa pamoja tu, kule nyuma kwenye udongo mweusi wa oili, ambako hata magugu yalikataa kuota.

Na kwa kuwa harufu haijui uzio, alimshurutisha mumewe ayafukie. Kila msimu Ambrosi alishika jembe, akalalamika kwamba yeye si kibarua wa mtu, akaugeuza udongo juu chini huku akilalamika vile vile. Rashidi akaomba kufunga mbuzi wake hapo hapo, maana hapakuwa na mboga ya mtu ya kuharibu. Mbuzi wakala maganda, wakaacha samadi yao. Mvua zikanyesha, misimu ikapita, Happiness akaolewa Kiranjeranje, na siku moja Natalia akaona mche wa mnavu umejitokeza kwenye ule weusi. Akautazama kwa mashaka. Akangoja ufe, haukufa. Msimu uliofuata akachomeka matembele, yakashika, yakatambaa mpaka ukutani. Hakuna aliyeuliza imekuwaje. Nani analihoji tembele kwa nini limeota? Walichuma, wakala, wakawapa na majirani.

Mambo yangeishia hapo kama serikali isingetunga sheria ya mazingira. Sheria nzuri, sina ugomvi nayo. Ilikuja wakati ule ule halmashauri ilipoamua kuipima ile yadi viwanja, na ikatangazwa kwamba aliyekuwa akiishi ndani yake atapewa kwanza mahali alipokaa. Ambrosi aliposikia alivuta kigoda akakaa. Alikuwa mtu mzima asiye na mafao. Kule Nyangamara shamba lilikuwa la upande wa mama yake na lilikwisha gawanywa kwa watoto wa dada zake. Alichotaka duniani kilikuwa kimoja, hati ya nyumba ile yenye jina lake, ili hata akifa leo asitokee mtu wa kumwambia Natalia atoe vyombo nje. Hilo ndilo lililokuwa likimnyima usingizi, na hakulificha.

Afisa mazingira wa halmashauri alikuwa binti mmoja, jina lake Consolata, mwenye adabu zake. Alikuja, akatoa shikamoo, akaitikiwa marahaba, akakaribishwa mkekani. Akaeleza taratibu kwamba yadi iliyomwagwa oili haipimwi viwanja mpaka udongo usafishwe kwa njia inayotambulika na cheti kitolewe. Njia ya kuuchimba na kuupeleka mbali ilishindikana, kwa sababu kanuni zilitaka upelekwe kwenye jalala maalumu, na jalala maalumu lilikuwa halijajengwa mahali popote ambapo lori lingefika. Ikabaki njia ya vijidudu.

Njia hiyo aliileta mtaalamu kutoka Dar es Salaam, Daktari Valentini, kijana mchangamfu mwenye buti mpya na fedha za wafadhili. Alikusanya watu akawaambia kwamba ndani ya udongo mna vijidudu wasioonekana kwa macho, na baadhi yao chakula chao ni mafuta. Ukiwapa samadi, maji na hewa, wanazaana, wanaila oili mpaka inakwisha. Rashidi akauliza wakishamaliza oili watakula nini, akitazama miguu yake. Valentini akacheka, akasema watakufa njaa. Ambrosi hakuamini. Maisha yake yote alikuwa amewapa watu oili chafu ya kupaka nguzo ili kufukuza mchwa, na leo anaambiwa kuna mdudu anayeipenda. Natalia hakusikia lolote, alikuwa jikoni akipika, maana wageni walikuwa hawajala.

Waliandaliwa ugali na matembele ya nazi. Daktari aliomba aongezewe.

Basi vikaanza vibali. Hapa nivumilieni, maana mimi mwenyewe nikikumbuka kichwa kinaniuma. Samadi ya mbuzi ikiwa shambani ni mbolea, haina neno. Ikipakiwa kwenye gari ikavuka lango la yadi iliyochafuka, inakuwa taka, na taka ina kibali chake cha kusafirishwa. Vijidudu wakitoka nje ya nchi wanahitaji ruhusa ya kuingia. Wakiwa wa hapa hapa, unahitajika utafiti wa kuthibitisha kwamba kweli ni wa hapa. Na kugeuza udongo kwa jembe ni nini, kilimo, ujenzi au uchakataji wa taka hatarishi? Kila ofisi ilisema si yake, mpaka ilipoonekana kuna ada ya kulipwa, ndipo ofisi zote zikasema ni yao. Na mpaka jibu litoke, ilikuwa marufuku mtu yeyote kuugusa udongo ule. Likasimikwa bango jekundu la HATARI nyuma ya nyumba. Natalia akalianikia kanga.

Hakuna aliyekuwa mbaya, na hilo ndilo linalonikera. Consolata alifuatilia mpaka viatu vikaisha soli. Valentini alipiga simu mpaka sauti ikakauka. Na Natalia, msimu wa mabibo ulipofika, aliendelea kumwaga makapi pale pale, maana bango halikusema chochote kuhusu harufu na Bi Tawakali. Ambrosi akageuza kwa jembe kama kawaida yake, akalalamika kama kawaida yake.

Hatimaye kibali kikatoka, kina mihuri mpaka maandishi hayasomeki. Valentini akaja na vifaa, akachukua udongo hapa na pale. Mbele ya yadi hapakuwa na la kupima, wajenzi wa mjini walishauchota udongo wote zamani kwa kifusi, na sasa umo chini ya sakafu za watu. Uchafu wote wa mradi, kwa mujibu wa makaratasi, ulikuwa nyuma, kuizunguka nyumba ya Ambrosi. Akapima. Akapima tena. Akafuta chombo chake kwa kitambaa, akapima mara nyingine, na kijasho chembamba kikaanza kumtoka.

Udongo ulikuwa safi.

Akamwuliza Ambrosi hapa pamefanyika nini, na Ambrosi, akidhani ameharibu kitu, akaeleza yote, makapi, jembe, mbuzi wa Rashidi. Uso wa Valentini ukachanua. Kwa muda mfupi alisahau mradi, akawa msomi tu mwenye furaha, akasema ndiyo kazi yenyewe hii, ndivyo hasa alivyotaka kufanya. Kisha akamtazama Consolata, na furaha ikazimika. Consolata alikuwa ameinamisha kichwa. Akaeleza polepole kwamba cheti kinatolewa kwa udongo uliokuwa mchafu ukasafishwa kwa njia iliyo kwenye kibali. Huu umesafishwa kwa makapi ya pombe, kabla ya kibali, na mtu asiyesajiliwa. Tena kusafisha taka hatarishi bila ruhusa ni kosa, ila hilo hataliandika, kwa heshima ya Mama Happiness. Bila cheti wapimaji wataliruka eneo, litazungushiwa waya, na waliomo watatolewa kwa usalama wao.

"Mwanangu, si umepona?" Ambrosi akauliza. "Si ndicho mlichokuwa mnakitaka?"

"Umepona, mzee," Consolata akajibu. "Lakini mimi nina kibali cha kumtibu mgonjwa. Mzima sina pa kumwandika."

Akasema watarudi baada ya Pasaka kuchukua kipimo cha kwanza. Cha leo kisihesabiwe, vifaa vilikuwa vimetikisika sana njiani. Na endapo wakati huo watakuta udongo uko kama ulivyoandikwa, basi kazi itakwenda bila mkwamo, na viwanja vitapimwa. Aliyasema hayo akiwatazama mbuzi. Valentini alikuwa ameinama akifunga kamba za buti, akazifunga kwa muda mrefu sana. Hakuna aliyemwambia Ambrosi amwage kitu. Wakaaga vizuri, wakaondoka.

Ambrosi hakuwa mjinga, alielewa. Usiku ule na uliofuata alijigeuza kitandani mpaka Natalia akamwuliza kama ana malaria. Ndipo akamwambia anachotaka kufanya. Natalia hakupandisha sauti. Alimwambia kwamba amevumilia mengi katika ndoa hii, amevumilia kulala stoo, amevumilia mafao ya wiki ijayo, lakini mtu anayelima miaka yote hiyo kisha akaja kuunguza mwenyewe alicholima, huyo hamwelewi.

"Baba Hepi, ardhi imepona. Iache."

"Ardhi imepona," Ambrosi akasema. "Sisi je?"

Kesho yake Natalia aliyachuma matembele yote, machanga kwa makubwa, akayagawa mtaa mzima, na hakusema naye neno mpaka Jumapili.

Jumapili baada ya misa Ambrosi alikwenda gereji ya mjini kwa Abilahi, akarudi na madumu ya oili chafu kwenye mkokoteni. Mchana kweupe, bila kujificha, akatoboa debe kwa msumari. Rashidi alipomwona akadhani anaua mchwa, akaja na kopo lake kuomba kidogo cha kupaka nguzo za choo, na Ambrosi akamjazia. Kisha akaanza kunyunyiza. Mikono ilikumbuka yenyewe. Alipita kwenye matuta ya matembele, akapita chini ya kamba ya kanga, akahakikisha hakuna mahali pamesahauliwa, kwa sababu hakujua kufanya kazi nusu. Harufu ilipompanda puani alisikia uchungu mpaka machozi yakamlenga. Akajifuta kwa kiwiko, akaendelea.

Baada ya Pasaka wakaja, wakapima. Ulikuwa mchafu kuliko hata ilivyoandikwa. Valentini akampa mkono kwa nguvu bila kumtazama usoni, Consolata akashusha pumzi, na mradi ukazinduliwa kwa hema, viti vya plastiki na soda. Mbuzi wa Rashidi wakaondolewa kwa kukosa sifa, na samadi ikaletwa kwa lori kutoka upande wa Kilwa, kwenye zizi lililokaguliwa. Zikaletwa pampu, zikaletwa plastiki za kufunikia, wakaajiriwa vijana wa kugeuza udongo kwa zamu, wamevaa glavu. Natalia alikatazwa kutupa makapi pale, na kwa kuwa hakuwa na pengine pa kuyatupa bila kuwakera majirani, msimu ule hakukamua mabibo. Wageni walikuja kutazama, waheshimiwa wakaja mpaka kutoka Kilwa kujifunza, na katika picha zote Ambrosi amesimama pembeni, anatabasamu kama mtu aliyebanwa na kiatu.

Ulichukua muda, lakini ukweli usemwe, udongo ulisafika. Valentini aliandika taarifa yake, ikasifiwa, akapelekwa nchi za watu kwenda kuisoma mbele ya wataalamu wenzake. Ambrosi akapiga chokaa nyumba akisubiri wapimaji. Alishachagua hata mahali jiwe la mpaka litakapokaa, na kila aliyepita alionyeshwa.

Aliyekuja ni Consolata, peke yake, ana bahasha. Alitoa shikamoo akiwa bado yuko mbali, akakataa mkeka, akasimama. Ambrosi akamwita Natalia aje naye asikie. Cheti kimetoka, Consolata akasema, na kweli kilikuwa chao, kina jina la eneo na muhuri wa rangi. Ila wakati mradi ukiendelea zilitoka kanuni mpya. Kanuni hizo zimelegeza mambo mengi. Kwa mfano, ardhi itakayokutwa safi katika kipimo cha kwanza sasa haihitaji kusafishwa wala haihitaji cheti, inakwenda moja kwa moja kwa wapimaji. Bali ardhi iliyokutwa na mafuta, hata kama imesafishwa vizuri namna gani, haitajengwa nyumba ya kukaa watu wala kulimwa chakula mpaka watoto wanaozaliwa leo wawe watu wazima. Hii imepangiwa maegesho ya malori. Wao watatafutiwa kiwanja kule juu kilimani.

Ambrosi aliyatafuna maneno yale moja moja. Kisha uso wake ukafunguka kwa matumaini, na hayo matumaini ndiyo yaliyomtia Consolata uchungu zaidi.

"Basi sisi tumo," akasema. "Mara ya kwanza si mlikuta safi? Mwanangu, ulikuwepo. Daktari alipima mpaka akatokwa jasho."

"Kipimo cha kwanza ni cha baada ya Pasaka, mzee," Consolata akasema. "Kabla ya hapo hatukupima."

"Ile oili niliimwaga mimi. Kwa mkono wangu."

"Hilo usilirudie, baba yangu, popote. Kumwaga oili kwenye ardhi kuna kifungo."

Ambrosi aliitazama ile nyumba yenye chokaa mpya, akaegemea ukuta, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe naye, Natalia akamwona mumewe hana la kulalamika. Akamwonea huruma, na hasira ilikuwepo pia, hakuna haja ya kusema haikuwepo. Akamgeukia Consolata akamwuliza huko kilimani wanakopelekwa udongo wake ukoje.

Consolata akasema ni safi, haujawahi kuguswa na kitu.

Natalia akaingia ndani, akasikika akishusha masufuria kwenye dari, akatoka nayo mawili akayaweka mlangoni. "Umesikia, Baba Hepi," akasema. "Huko usiwasaidie."